Kununua Vifaa vya Kuzamia Mtandaoni Ukiwa Unguja au Pemba: Mwongozo Kamili

Kwenye droo ya meza yangu ya ufundi, Nungwi, mna regulata (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi) moja nzuri kuitazama. Haina mkwaruzo, hozi zake bado zinang'aa. Mwenyewe ni kijana daivu masta, yaani kiongozi wa wazamiaji. Aliiona mtandaoni kwa bei iliyomtoa usingizini, akalipa, ikamfikia baada ya wiki tatu, akaja nayo mbio. "Shikamoo Ami. Niangalizie tu, inavuja kidogo." Nikaifungua. Kilichokufa ni kiti cha valvu ndani ya festi steji, ile sehemu inayofungwa mtungini; ni kidude cha plastiki kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Tatizo ni kwamba mtengenezaji alishaacha kutoa spea za modeli ile, na muuzaji hilo hakulisema. Imelala hapo mwaka wa tatu sasa, na kijana anazamia kwa regulata ya kukodi.

Mimi pia nanunua mtandaoni, tena mara kwa mara, kwa hiyo sitakwambia uache. Nitakwambia ninavyofanya, na mahali ambapo naifunga simu naenda dukani.

Hatua ya 1: Ipasue orodha yako

Chukua karatasi, andika kila unachotaka, kisha jiulize kwa kila kimoja: kikiharibika nikiwa mita 20 chini, itakuwaje?

Pezi likikatika mkanda utarudi juu ukilalamika. Viatu, mapezi, wetsuti, tochi, begi la wavu, kisu, boya la ishara na ubao wa kuandikia, vyote hivi nunua mtandaoni bila wasiwasi. Boya la ishara usilisahau hasa ukiwa Pemba. Kule kina cha mkondo unaoitenga Pemba na bara kinapita mita 800, maji yanakimbia, na ukizamia Njao au Misali mara nyingi boti inakufuata ulipo, haikungoji ulipoingilia. Boya ndilo linalomwonesha nahodha kichwa chako kati ya mawimbi.

Kompyuta ya kuzamia, ile ya kuvaa mkononi inayopima kina na muda, iko katikati. Inanunulika mtandaoni, lakini tazama kwanza betri yake. Zipo modeli kama Suunto Zoop zinazotumia betri ya CR2450, unaibadilisha mwenyewe pamoja na oringi mpya, ile pete ya mpira ya kuzuia maji. Nyingine lazima zirudi kwa fundi wa kampuni, na kutoka Zanzibar huko ni nje ya nchi.

Regulata na jaketi la BCD, lile la kujaza hewa ili uelee, ndivyo vya kufikiria mara mbili, nitarudi kwavyo.

Mtungi usinunue mtandaoni kabisa. Mtungi wa alumini wa kawaida, ule tunaouita wa themanini, unachukua lita 11 hivi na mtupu tu una uzito wa kilo 14. Nauli yake itaimeza nafuu yote. Ndege haiupokei ukiwa na shinikizo, unatakiwa valvu ifunguliwe ndani waone. Ukifika, kila miaka 5 unahitaji kupimwa kwa shinikizo la maji, na kila mwaka ukaguliwe ndani. Iliyotumika ndiyo hatari zaidi: mitungi ya zamani ya alumini, hasa iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1988, mingi ilikuwa ya mchanganyiko uitwao 6351, unaojulikana kupata nyufa shingoni. Vituo vingi vya kujaza haviipokei. Mtungi kodi.

Na hapa niseme kuhusu vile vimtungi vidogo vya nusu lita vinavyouzwa pamoja na pampu ya mkono, maana kila wiki kuna kijana ananionesha picha yake kwenye simu. Tufanye hesabu. Nusu lita kwa shinikizo la bar 200 ni lita 100 za hewa. Mtu mwenye msisimko anavuta lita 20 kwa dakika, kwa hiyo ni dakika 5 juu ya maji. Mita 10 chini shinikizo ni mara mbili, hewa inakwisha mara mbili haraka: dakika 2 na nusu. Ikikata, asiyefunzwa anabana pumzi na kukimbilia juu. Hewa iliyo mapafuni inatanuka kadiri anavyopanda, na pafu linaweza kuchanika hata akitokea mita 2 tu. Tangazo linamwonesha mtu akicheka na samaki. Mwenzako anayetaka kile kimtungi kwa ajili ya pweza, mwambie abaki na pumzi yake mwenyewe kama babu zake, yuko salama zaidi.

Hatua ya 2: Nunua kwa maji ya kwetu

Maduka ya Ulaya yanauza kwa watu wa Ulaya. Bahari yetu ina nyuzi 25 wakati wa kusi kali mpaka 29 hivi wakati wa kaskazi. Wetsuti ya milimita 3 inatosha watu wengi. Daivu masta anayeingia mara tatu kwa siku mwezi wa saba anaweza kuhitaji 5, maana baridi inajikusanya.

Kwenye regulata hapa ndipo unapookoa pesa. Kiwango cha Ulaya kinaitwa EN 250. Iliyoandikwa >10°C maana yake imepimwa kwa maji yasiyo ya baridi kali, na huwa rahisi kuliko ya kuzamia maji ya barafu. Ukiona EN250A, imepimwa pia kwa hali ya watu wawili kuvuta festi steji moja, yaani na oktopasi (kinywa cha akiba cha mwenzako) ikitumika. Hiyo herufi A itafute. Ya barafu waachie wa barafu.

Epuka hozi za kusuka za rangirangi zisizo na jina. Baadhi yake zilitengenezwa kwa plastiki ya ndani inayooza kwa joto na unyevu, ikazalisha chembe ngumu kama sukari ambazo huziba njia ya hewa. Nje hozi inaonekana mpya. Kwa joto la stoo zetu za mabati, mimi nabaki na hozi ya mpira.

Hatua ya 3: DIN au yoki

Festi steji zinafungwa kwenye mtungi kwa njia mbili. Yoki inaupanda mtungi kwa juu na kubana kwa skrubu. DIN inaingia kwa kuzungushwa ndani ya valvu. Kabla ya kununua uliza kituo unachozamia mitungi yao ni ya aina gani. Ukipata DIN, adapta ya kuifanya yoki ni kitu kidogo. Kuifanya yoki iwe DIN ni kazi kubwa zaidi na sehemu zake zinategemea modeli. Kwa hiyo ukiwa hujui, chukua DIN na adapta.

Hatua ya 4: Mchunguze muuzaji

Makampuni makubwa, Scubapro, Aqua Lung, Mares, Cressi, Apeks, yana orodha ya wauzaji walioidhinishwa. Tafuta jina la duka humo, usiliamini tangazo la duka lenyewe. Maduka mengine yanauza vitu halisi kabisa lakini yamevipata kwa mlango wa nyuma, kutoka soko la nchi nyingine. Kitu ni kizima, bei ni ya chini, ila ukipeleka kwa wakala wa kampuni anaweza kukataa waranti. Wakati mwingine namba ya utambulisho ya kifaa (serial namba) imekwanguliwa ili asijulikane nani aliitoa. Namba ikiwa imekwanguliwa, funga ukurasa.

Muulize muuzaji kwa maandishi, na majibu uyahifadhi: Modeli hii bado inatolewa spea? Namba ya kifaa ipo? Waranti inatambulika nje ya nchi mliyopo? Nikirudisha, nauli ya nani? Mwenye biashara safi atajibu kwa mistari minne. Anayekujibu kwa emoji ya moto na "punguzo linaisha leo", mpe salamu zake.

Hatua ya 5: Piga hesabu mpaka mlangoni kwako

Watu wanalinganisha bei ya skrini na bei ya duka la Kendwa halafu wanasema duka linaiba. Linganisha gharama ya kitu kikiwa mkononi.

Forodha huhesabu ushuru juu ya bei ya kitu pamoja na nauli na bima, si juu ya bei peke yake. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinakwenda asilimia 0, 10, 25 na 35 kulingana na fungu la bidhaa. Kifaa cha kupumulia, nguo ya mpira na mapezi havikai fungu moja, kwa hiyo mwombe muuzaji aandike kila kitu mstari wake kwenye ankara. Akiandika tu "vifaa vya michezo", afisa ndiye atakayechagua fungu. Juu ya hapo kuna VAT, asilimia 15 kwa Zanzibar na 18 upande wa bara.

Tuseme regulata dola 400, nauli na bima dola 90. Jumla 490. Fungu likiangukia asilimia 25, ushuru ni dola 122 na nusu, umefika 612 na nusu. VAT ya asilimia 15 inaongeza karibu dola 92. Regulata ya 400 imekuwa ya 704, bado hujamlipa wakala wa forodha, bado hujapanda daladala kwenda kuichukua. Kama fungu ni sifuri, utaishia 563 na ushei. Ndiyo maana uliza kwanza, forodha au kwa wakala, ukiwa na picha na maelezo ya kitu.

Kumwomba muuzaji aandike bei ya uongo kwenye ankara ni ujanja wa kizamani. Mzigo ukipotea, bima inakulipa hiyo hiyo bei ya uongo.

Hatua ya 6: Kabla ya kulipa, pita dukani

Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka, nami ndiyo ninayoishikilia zaidi.

Mwenye duka mmoja ninayemjua aliniambia kuhusu mteja wake: "Maski kajaribu kwangu, saba zima. Picha ya boksi kaipiga kwangu. Kununua kanunua kwenye simu, humu humu dukani, tena kwa waifai yangu." Alicheka alipokuwa akisema, lakini ile rafu ya maski aliiondoa. Sasa hapo pana friji ya soda.

Duka la kuzamia kwetu haliishi kwa kuuza maski. Linaishi kwa safari za boti na mafunzo, na miezi ya masika, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, wageni wanapungua na hoteli kadhaa zinafunga. Mwaka 2020 ugonjwa ulipofunga ndege za dunia, mapato ya msimu yaliyeyuka. Kabla ya hapo, waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanakumbuka miezi mitatu bila umeme, kebo ya kutoka bara ilipoharibika, na kila mtungi ulijazwa kwa jenereta na dizeli. Hivi vyote wenye maduka wamevibeba, na kompresa haisubiri.

Kompresa ndiyo moyo. Joto na unyevu wetu vinazimaliza filta zake haraka kuliko nchi kavu za baridi, na filta ikichoka unavuta mafuta. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kuzamia kinaruhusu monoksaidi ya kaboni isiyozidi sehemu 5 kwa milioni. Bomba la kuvutia hewa likielekea kwenye moshi wa jenereta, kiwango hicho kinapitwa bila mtu kunusa chochote. Kwa Pemba ongeza kwamba pete moja ya pistoni ikivunjika inaagizwa kupitia Unguja au Dar es Salaam, kwa boti au kindege, na siku zote hizo hakuna mtungi unaojaa. Ile nyongeza ya bei unayoiona kwenye mapezi ya dukani sehemu yake inakwenda huko. Duka likifunga, hewa ya mtandaoni haipo.

Sasa, la kufanya. Nenda na bei uliyoiona, mwambie mwenye duka wazi: "Nimeipata kwa bei hii, mpaka mlangoni inafika hivi. Wewe unaweza ngapi?" Wengi wana akaunti ya biashara kwa msambazaji na wanapata bei usiyoiona wewe. Wanaagiza mzigo mara chache kwa mwaka, kabla ya msimu, na kitu chako kikiingia humo nauli yake ni ndogo. Utangoja. Lakini kitakuja kikiwa na waranti, na mtu wa kumuuliza yuko pwani hapo hapo. Regulata na BCD mimi nanunua hivi siku zote, hata zikizidi dola 50.

Wapo pia wenye maduka wakaidi, lazima niseme. Nimewahi kuambiwa na mmoja kwamba vifaa vilivyonunuliwa kwingine hagusi. Anajinyima. Kijana aliyenunua mtandaoni atahitaji sevisi kila mwaka au kila baada ya zamio 100, na hiyo ni pesa inayorudi mwaka baada ya mwaka.

Maski nayo nunua dukani. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua kidogo, achia mkono. Ikibaki imeganda, ni yako. Hakuna picha itakayokufanyia jaribio hilo, hasa kwa wenye ndevu.

Hatua ya 7: Kulipa na kusafirisha

Lipa kwa kadi ya Visa ya benki au kadi pepe ya pesa za simu, uitilie kiasi cha kununulia tu. Usitume pesa moja kwa moja kwa mtu usiyemjua, maana kadi ina njia ya kudai.

Anwani zetu ni za "karibu na msikiti", kwa hiyo andika sanduku la posta na namba ya simu inayopatikana. Aliyeko Pemba afikirie mzigo uishie Mjini Unguja kwa ndugu, kisha upande boti. Wengi humpa mtu anayekuja na ndege. Ni njia nzuri, ila mpe risiti asafiri nayo, atangaze forodhani anachotakiwa kutangaza, na tochi zenye betri za lithiamu azibebe mkononi.

Hatua ya 8: Siku kinapofika

Rekodi video ukifungua boksi, mkanda wa gundi ukionekana mzima. Kisha:

Regulata: acha kifuniko cha vumbi kimefungwa, tia mdomoni, nyonya taratibu. Isikupe hewa kabisa. Ikikupa, kuna mpira umekaa vibaya au mdomo umetoboka. Halafu ipeleke kwa fundi aifunge kwenye mtungi na kupima shinikizo la kati. Nyingi zinatakiwa kusimama bar 9 au 10 na kutulia hapo. Sindano ikiendelea kupanda polepole, kiti cha valvu kinavuja.

BCD: ijaze mpaka valvu ya usalama ipige yenyewe, iache usiku kucha. Asubuhi iwe ngumu vile vile.

Maski mpya ina utando wa silikoni kwenye kioo. Isugue kwa dawa ya meno ya kawaida mara tatu au nne, la sivyo itakuwa na ukungu hata uteme mate namna gani.

Hatua ya 9: Vilivyotumika

Mwisho wa msimu mainstrakta wa kigeni wanarudi kwao na kuuza vitu. Hii naipenda kuliko mtandao, kwa sababu unakishika. Toa kofia ya festi steji, elekeza mlango wake kwenye jua, utazame kichujio kidogo cha chuma kilicho ndani. Kikiwa safi kinang'aa. Rangi ya kijani ni maji ya chumvi yaliyoingia: aliosha bila kifuniko. Wekundu ni kutu ya mtungi wa chuma. Weusi ni uchafu wa kompresa. Kijani kidogo kinaweza kuoshwa, lakini hesabu gharama ya sevisi kamili ndani ya bei, na umwambie muuzaji ulichokiona.

Kunja hozi karibu na chuma utafute nyufa. Geji isiyofungwa mtungi isome sifuri. BCD itikise sikioni: ukisikia kama mchanga, ni chumvi iliyoganda ndani. Na kabla ya kutoa senti, tafuta modeli mtandaoni uone kama spea bado zinapatikana. Yule kijana wangu angefanya hilo moja tu.

Hatua ya 10: Zamio la kwanza na baada yake

Usijaribu kifaa kipya Mnemba ukiwa na wageni sita mgongoni. Ingia maji ya mita 4 hivi pwani na mwenzako, vuta kinywa kikuu cha regulata na oktopasi, jaza na toa BCD, hesabu upya risasi za kukuzamisha kwa sababu wetsuti mpya inaelea kuliko ile kuukuu.

Ukitoka, kausha kifuniko cha vumbi kwanza, kifunge, ndipo uloweke regulata kwenye maji yasiyo na chumvi. Usibonyeze kitufe cha katikati ikiwa majini, maji yataingia. Anika kivulini. Oringi paka grisi ya silikoni kidogo tu. Vaselini inaweza kuvimbisha na kulainisha baadhi ya mipira, na nimeshazitoa oringi zilizokuwa kama ubuyu uliolowa. Kisha kata kipande cha tepu nyeupe, andika tarehe ya sevisi kwa kalamu isiyofutika, ukizungushie hozi karibu na festi steji, ili fundi atakayeipokea mwakani asianze kwa kukuuliza.